Usikimbilie Koleo

Madaktari wa kinywa na meno wana mgonjwa mmoja wanayemtambua kabla hajaketi kitini. Anaingia kliniki ameshika chupa ya maji ya barafu. Kila baada ya dakika moja au mbili anapiga funda dogo, analituliza juu ya gego linalomsumbua, anameza, na hapo hapo uso unakunjamana tena. Usiku hakulala. Akijinyoosha kitandani jino linapwita, akikaa linapungua kidogo, kwa hiyo amekesha kwenye kochi. Wiki iliyopita ilikuwa kinyume: maji baridi ndiyo yaliyokuwa yakimtoa machozi. Sasa baridi ndiyo nafuu yake, na chai ya moto hathubutu kuigusa.

Ombi lake ni moja tu: "Daktari, ng'oa."

Na mara nyingi ombi hilo hukubaliwa. Koleo lipo, ganzi ipo, foleni nje ni ndefu, na kazi yenyewe ikienda vizuri haimalizi nusu saa. Mgonjwa anaondoka na pamba kinywani, keshoye yuko kibaruani. Katika vituo vingi vya umma nchini kwetu, kung'oa ndiko kunakomaliza sehemu kubwa ya siku ya daktari wa meno. Lakini meno mengi yanayoishia kwenye bakuli la chuma hayakuwa yamefika mwisho. Yalikuwa yanauma, na jino linalouma kwa kawaida bado lina uhai ndani yake. La kuogopwa ni lile lililonyamaza.

Jino likinyamaza

Juu ya jino kuna enameli, kitu kigumu kuliko kingine chochote mwilini. Chini yake kuna dentini, laini kidogo, yenye vijitundu visivyoonekana kwa macho. Katikati kabisa kuna kiini: mishipa ya damu na ya fahamu inayoingia kupitia tundu dogo kwenye ncha ya mzizi. Ukiumia mkono, mkono unavimba na ngozi inatanuka. Kiini cha jino hakina pa kuvimbia, maana kimezungushiwa ukuta mgumu pande zote. Kikishambuliwa na bakteria, shinikizo linapanda humo humo ndani, damu inashindwa kupita, na mishipa ya fahamu inakupa usiku usioweza kuusahau.

Hapo ndipo unapohitaji kusikiliza vizuri jino linasema nini. Maumivu ya maji baridi au sukari yanayopita mara tu unapomeza bado ni onyo. Jino likisafishwa na kuzibwa mapema, kiini hutulia na maisha yanaendelea. Maumivu yanayobaki dakika kadhaa baada ya maji kumezwa, au yanayokuamsha usiku bila jino kuguswa na chochote, ni kesi nyingine. Kiini kilichofika hapo kwa kawaida hakirudi katika hali yake.

Kisha, baada ya siku au wiki kadhaa, hutokea jambo linalowadanganya watu wengi. Maumivu yanakatika. Mtu anasema jino limepoa, na sifa zote zinakwenda kwa chochote alichotumia mara ya mwisho: amoksilini ya duka la dawa, maji ya chumvi, ugoro, na wapo wanaothubutu hata maji ya betri. Kumbe kilichotokea ni kwamba kiini kimekufa. Mishipa ya fahamu iliyooza haina cha kuhisi. Bakteria wao hawajaenda popote. Wamepata chumba chenye giza, chenye chakula, kisichofikiwa na damu. Na kwa kuwa damu haifiki, vidonge unavyomeza navyo havifiki. Hii ndiyo sababu antibayotiki haziponyi jino la namna hii, hata ukirudia dozi mara ngapi. Zina kazi yake pale uvimbe unaposambaa au homa inapopanda, lakini chanzo kinabaki mle mle.

Miezi inapita. Siku moja unaona kipele kidogo kwenye fizi, karibu na mzizi wa jino lile lile. Kinapasuka, kinatoa majimaji yenye ladha mbaya, kinafunga, kinarudi. Hakiumi, kwa hiyo hakuna anayekijali. Kwa daktari kipele hicho ni mlango wa usaha uliojitoboa kutoka kwenye mfupa. Wakati mwingine huingiza humo kijiti laini cha gutapacha na kupiga picha ya eksirei, na kijiti kinamwonyesha usaha unatoka kwenye jino gani.

Wengine hawaishii kwenye kipele. Maambukizi ya magego ya chini yanaweza kushuka chini ya ulimi na kuingia shingoni, yakavimbisha njia ya hewa. Tabibu wa Kijerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Ukiona mtu ana uvimbe chini ya taya, hawezi kumeza mate wala kufungua kinywa sawasawa, usimpe panadoli asubiri kesho. Mpeleke hospitali usiku huo huo.

Karafuu ya Pemba

Katika dawa za nyumbani, moja ina haki ya kuheshimiwa. Karafuu ina mafuta yenye kemikali iitwayo eujeno, ambayo kweli hutuliza mishipa ya fahamu ya jino. Wazee wa Unguja na Pemba hawakuwa wakibahatisha. Na ukiingia kliniki yoyote ya meno duniani, ile harufu inayokupokea mlangoni, ambayo wengi huiogopa bila kujua ni ya nini, kwa sehemu kubwa ni hiyo hiyo. Madaktari huchanganya unga wa oksidi ya zinki na eujeno, wakapata lahamu laini inayogandia kwenye jino. Hutumika kuziba kwa muda na kupaka ndani ya mifereji ya mizizi. Kiwanda cha makonyo kule Wawi, Pemba, kinachokamua mafuta kwenye vikonyo vya karafuu, kinazalisha kitu ambacho bila hicho tiba ya meno ya karne mbili hizi ingekuwa na sura nyingine.

Ila karafuu inatuliza tu. Na ukiyamwaga mafuta yenyewe kwenye fizi utajiunguza.

Kitini

Watu wengi mtaani huiita kazi hii kuua mshipa, au kutibu mzizi. Kinachofanyika ni usafi wa hali ya juu katika sehemu nyembamba mno. Daktari anafungua paa la jino, anatoa kiini kilichokufa au kinachokufa, anasafisha mifereji yote hadi karibu na ncha, kisha anaijaza na kuifunga ili bakteria wasipate pa kurudi.

Kwanza ganzi. Hapa niseme ukweli ambao wagonjwa wanaujua na vipeperushi vya kliniki havisemi. Gego la chini lenye kiini kilichowaka moto ni gumu kushikwa na ganzi. Si kwamba daktari hajui kuchoma sindano. Mishipa ya fahamu iliyovimba hubadilika, na dawa ileile inayotosha siku nyingine hushindwa kuinyamazisha. Daktari mzoefu analijua hilo. Ataongeza sindano sehemu nyingine, atasubiri, atajaribu jino kwa baridi kabla ya kuanza. Ukihisi maumivu, inua mkono. Hadithi nyingi za kutisha kuhusu mizizi ya meno zilianzia kwa mgonjwa aliyejikaza kiume na daktari aliyekuwa na haraka.

Baada ya ganzi inakuja hatua inayopuuzwa sana, nami naitumia kama kipimo cha kliniki. Kipande chembamba cha mpira hutobolewa tundu moja, kikavishwa juu ya jino na kubanwa kwa kishikizo cha chuma, hata jino linabaki peke yake limechomoza, kinywa kingine chote kimefunikwa. Sanford Barnum wa New York ndiye aliyebuni njia hiyo mwaka 1864. Mpira huo unazuia mate yasiingie ndani ya jino, na unazuia vyombo na kemikali visiingie kooni.

Kwa nini mate yaogopwe hivyo? Mwaka 1965 watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoa jibu kwa kutumia panya. Walitoboa magego ya panya hadi kwenye kiini, wakayaacha wazi. Panya wa kawaida viini vyao vilioza vikafa. Panya waliolelewa katika mazingira yasiyo na kijidudu hata kimoja, viini vyao vilijijengea ukuta mpya na kupona, ingawa chakula kilikuwa kimejaa ndani ya tundu. Tundu lenyewe halikuwa adui. Adui alikuwa bakteria, na mate yamejaa bakteria.

Sasa mifereji. Jino la mbele la juu kwa kawaida lina mmoja. Gego la chini mara nyingi lina mizizi miwili na mifereji mitatu. Gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu, na mara nyingi lina mfereji wa nne uliojificha, mwembamba, ambao daktari asiyeutafuta hauoni. Mfereji uliosahaulika ni miongoni mwa sababu kubwa za jino kuuma tena baada ya tiba, na ndiyo maana mabingwa siku hizi hufanya kazi wakiangalia kwa hadubini.

Vyombo vyenyewe ni vijitupa vya chuma ambavyo madaktari huviita faili, kila kimoja na mpini wa plastiki wa kushika kwa ncha za vidole viwili. Vimepewa namba kwa unene wa ncha. Namba 10, yenye mpini wa zambarau, ni moja ya kumi ya milimita. Namba 15 ni nyeupe, 20 njano, 25 nyekundu, 30 buluu. Kwenye kila kijitupa kuna kipete cha mpira kinachosogezwa juu na chini. Daktari anakiweka kwenye urefu aliopima, tuseme milimita 20, na kipete kikigusa jino anajua amefika. Urefu huo anaupata kwa picha ya eksirei na kwa kimashine kidogo: kindoano chake kimoja kinaning'inizwa kwenye mdomo wako, kingine kinashika kijitupa, na umeme hafifu unapita. Ncha ikikaribia mwisho wa mzizi, mashine inalia. Milimita moja ikizidi, ameuchoma mfupa. Zikipungua mbili tatu, ameacha uchafu.

Edward Maynard, daktari wa meno wa Washington, alitengeneza kijitupa cha kwanza cha aina hii mwaka 1838 kwa kuinoa springi ya saa. (Bwana huyo huyo alijulikana zaidi kwa ubunifu wake wa bunduki.) Vya chuma cha kawaida vilitumika kwa zaidi ya karne, navyo vilikuwa na kasoro: mzizi ukipinda, chuma hakitaki kupinda nao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaingia aloi ya nikeli na titani, inayokunjika kuufuata mzizi bila kubaki imekunjika. Siku hizi huzungushwa na mota, na kazi iliyokuwa ikichukua asubuhi nzima hupungua sana.

Lakini vyuma havisafishi peke yake. Mifereji ina vichochoro vya pembeni ambavyo hakuna chuma kinachofika, hivyo daktari huosha tena na tena kwa sodiamu haipokloraiti, kemikali ile ile iliyomo kwenye dawa ya kutakatishia nguo nyeupe, iliyopimwa kwa kiwango chake. Inayeyusha nyama iliyooza na kuua bakteria. Isikupitie akilini kuijaribu nyumbani; hata kliniki, ikivuka ncha ya mzizi inaunguza vibaya. Jino lenye usaha mwingi linaweza kuwekewa dawa ya chokaa maalumu, likafungwa kwa muda, ukarudi baada ya wiki moja au mbili.

Mwisho ni kujaza. Kinachotumika ni gutapacha, utomvu wa miti inayoota Malaysia na Indonesia, ukiwa umetengenezwa vijiti vyembamba vya rangi ya waridi. Ulaini wake ukipata moto na ugumu wake ukipoa ndio uliowavutia madaktari tangu karne ya 19. Na si wao tu. Mwaka 1879 waya wa simu za maandishi ulipolazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar na kuendelea kusini, kilichozuia maji ya chumvi yasiufikie ni gutapacha. Nyuzi zile zimekwisha kitambo. Utomvu wenyewe bado uko kwenye meno ya watu.

Uvumi wa saratani

Kila baada ya muda fulani huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ujumbe kwamba jino lililotibiwa mzizi huleta saratani, ugonjwa wa moyo na mengineyo, na kwamba "madaktari hawataki ujue". Ujumbe huo una babu yake. Mwaka 1910 tabibu wa Uingereza, William Hunter, alitoa mhadhara mjini Montreal akilaumu kazi mbovu za meno kwa magonjwa ya kila namna mwilini. Baadaye Mmarekani Weston Price akawa anachukua meno yaliyotibiwa, anayapandikiza chini ya ngozi ya sungura, sungura wakiugua anasema ameona ushahidi. Kwa miaka mingi watu Ulaya na Marekani waling'olewa meno mazima kwa ajili ya baridi yabisi, macho, hata wazimu, na hawakupona. Wengine waliporudia majaribio ya Price kwa uangalifu zaidi hawakupata alichokipata, na kufikia katikati ya karne ya 20 fundisho hilo likawa limeachwa. Mwaka 1963 chama cha madaktari wa meno wa Marekani kiliitambua tiba ya mizizi kuwa fani ya ubingwa inayojitegemea.

Hunter hakuwa mjinga, kwa kweli. Kazi alizoziona zilikuwa chafu: hakuna eksirei, hakuna mpira, mfereji umejazwa nusu. Kilichokuja kuyaokoa meno ni picha. Edmund Kells wa New Orleans aliingiza waya ndani ya mzizi mwaka 1899 na kuupiga eksirei aone umefika wapi, akiwa miongoni mwa wa kwanza duniani. Alilipa gharama kubwa. Siku hizo hakuna aliyejua madhara ya mionzi. Ilimla vidole, kisha mkono. Picha moja ya jino leo inatumia mionzi kidogo mno, na daktari anayetaka kutibu mzizi bila picha kabisa ni wa kuagana naye.

Meno yanapopotelea

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Gego limetibiwa mizizi, limejazwa, limezibwa juu kwa muda. Maumivu yamekwisha. Daktari anasema rudi tuliwekee kofia. Mgonjwa anahesabu: ameshalipa nyingi, jino halimsumbui tena, ada za shule zinakaribia. Harudi. Miezi minane baadaye anatafuna muhogo wa kuchoma, anasikia "ta!", jino limepasuka hadi kwenye mzizi. Hapo hakuna bingwa wa kulisaidia. Na anachowaambia jirani zake ni kwamba ile tiba ya mzizi haifai, alipoteza pesa na jino bado likatoka.

Gego lililotibiwa limeshapoteza sehemu kubwa ya mwili wake kwa kuoza na kwa kufunguliwa. Kuta zilizobaki zinabeba nguvu ya taya nzima. Kuliacha hivyo ni kujenga nyumba ukaacha kuezeka. Kofia, iwe ya chuma, ya kauri au ya vyote viwili, hulishika jino pande zote lisipasuke, na pia hufunga njia ya mate kurudi kwenye mifereji.

Takwimu ninayoiamini zaidi katika habari hii inatoka Marekani, kwenye kumbukumbu za bima. Salehrabi na Rotstein walifuatilia meno 1,462,936 yaliyotibiwa mizizi na kuchapisha matokeo mwaka 2004. Baada ya miaka 8, asilimia 97 yalikuwa bado kinywani. Halafu wakaangalia yale yaliyong'olewa: asilimia 85 hayakuwa na kofia kamili. Hao ni wagonjwa wenye bima, kwenye nchi tajiri, na hapa kwetu siwezi kuahidi asilimia 97. Lakini sababu ya kupoteza jino ni ile ile Dodoma na Dallas. Nadhani kosa moja la kliniki zetu ni kumtajia mgonjwa bei ya mzizi peke yake, kisha kumshtua na bei ya kofia akiwa ameshamaliza pesa. Bei iwe moja, isemwe siku ya kwanza. Meno ya mbele, yasiyobeba mzigo mkubwa, mara nyingi hutosheka na kuzibwa vizuri.

Njia nyingine

Si kila kiini kilichofikiwa lazima kiondolewe chote. Kwa watoto, daktari anaweza kukata sehemu ya juu tu ya kiini iliyoambukizwa, akaacha ya chini kwenye mizizi ikiwa hai. Wazazi wengi husema jino la utoto litatoka tu, la nini kuhangaika. Jino hilo linashikilia nafasi ya linalokuja. Likitoka miaka mingi kabla ya wakati, majirani yake yanasogea na la ukubwani linaota upogo. Na kuna mtego mwingine: gego la kwanza la kudumu linaota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila lolote kung'oka kulipisha. Mama analiona limetoboka, anadhani litabadilishwa. Halibadilishwi.

Kazi hizi za kufunika kiini zilipata msaada mkubwa miaka ya 1990, pale Mahmoud Torabinejad na wenzake wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, walipoleta lahamu maalumu ambayo sehemu yake kubwa ni saruji ya Portland iliyosafishwa. Ndiyo, aina ile ile inayomiminwa kwenye nguzo za maghorofa. Inaganda hata penye unyevu, na mwili unaikubali kiasi cha kujenga tishu ngumu juu yake. Hutumika pia kuziba mzizi uliotobolewa kwa bahati mbaya.

Jino lililotibiwa likiuma tena, linaweza kufunguliwa na kusafishwa upya. Ikishindikana kupita juu, daktari wa upasuaji hupita kwenye fizi, anakata milimita 3 za ncha ya mzizi pamoja na uvimbe wake, na kuziba kutokea chini. Gego lenye mizizi miwili, mmoja ukiwa mbovu kabisa, laweza kugawanywa, nusu ikatoka nusu ikabaki. Hizi ni kazi za mabingwa, nao wako wachache, wengi wao mijini.

Halafu kuna ajali, na kwa miji yetu maana yake ni bodaboda. Jino la kudumu likitoka zima zima na mzizi wake, dakika chache zinazofuata zina thamani kuliko kila kitu atakachofanya bingwa baadaye. Liokote kwa kushika sehemu inayoonekana kinywani, mzizi usiuguse. Likiwa na mchanga, lisuuze kidogo tu, bila kusugua. Lirudishe kwenye tundu lake, mwenye jino alibane kwa kitambaa. Ukishindwa, litie kwenye maziwa baridi, usilifunge kwenye karatasi likakauka, kimbia kwa daktari ndani ya saa moja. Litafungwa kwa wiki mbili hivi, na kwa mtu mzima litahitaji tiba ya mzizi. Jino la utoto halirudishwi.

Lini koleo lina haki

Yapo meno yasiyookoleka. Mzizi uliopasuka kwa urefu. Jino lililoliwa hadi chini ya fizi, lisilo na pa kushikiza kofia. Jino linalotikisika kwa sababu ugonjwa wa fizi umekula mfupa. Gego la mwisho lisilofanya kazi yoyote. Daktari anayekuambia hayo kwa picha mkononi anakutendea haki, na anayetaka kutibu kila mzizi mradi alipwe hakutendei.

Gharama ni kikwazo cha kweli. Kung'oa ni sehemu ndogo tu ya bei ya mzizi na kofia, na mwenye kipato cha siku kwa siku hana uhuru mkubwa wa kuchagua. Simlaumu. Ila hesabu haiishii siku ya kung'oa. Jino la juu lisilo na mwenzake linashuka, ya pembeni yanalala, na siku ukitaka daraja au jino la kupandikiza, bei yake inazidi ile uliyoikwepa. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na hawakuwa wameona hata jino la plastiki la kuvua usiku.

Njia ya bei nafuu kuliko zote, ya kuziba jino kabla halijafika huko, ilianzia hapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari wa Kiholanzi, alikuwa kwenye mradi wa shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mkoani Morogoro. Vijijini hakukuwa na umeme wa kuendesha mashine ya kutoboa. Wakaanza kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono na kuziba kwa lahamu inayojishika yenyewe kwenye jino, kazi inayofanyika mgonjwa akiwa amelala juu ya meza ya darasani, mara nyingi bila sindano. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliinadi njia hiyo kwa dunia nzima, na mwaka 2021 lahamu ya aina hiyo ikaingizwa kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Dunia yenye watu bilioni 2 hivi wenye meno ya kudumu yaliyooza, kwa hesabu ya shirika hilo ya mwaka 2022, inatumia ujuzi uliojaribiwa Morogoro. Inasikitisha kwamba mzazi wa Morogoro leo bado anamleta mtoto kliniki siku ya kung'oa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tundu dogo lisilouma lipeleke likazibwe mwezi huu. Likishauma usiku, usisubiri linyamaze. Ukiambiwa ling'olewe, omba picha ya eksirei na uulize swali moja: likitibiwa mzizi, je, litabaki na mwili wa kushika kofia? Jibu likiwa ndiyo, ulizia bei ya vyote viwili kwa pamoja, ulizia bima yako inalipia nini, na kama kituo hicho hakina huduma, omba rufaa. Na wewe uliyetibiwa mzizi mwaka jana ukaondoka na dawa ya muda, piga simu kliniki Jumatatu uchukue tarehe ya kofia.